Mahindi Yaliyolala Kwenye Chokaa

Wengi wakila taco za kuku wa kuchoma humsifu kuku. Mimi huanza na mahindi, maana kazi yake ilianza jana usiku.

Mpishi wa Mexico anayefuata njia ya zamani huchemsha mahindi makavu kwenye maji yenye chokaa, yapata gramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, kisha huyaacha yalale humohumo mpaka asubuhi. Chokaa hiyo, ambayo watu wa Pwani tumeizoea kwenye tambuu, hulegeza maganda yakabanduka kwa kufikichwa, hufanya donge lishikamane, na huachia niasini iliyofungika ndani ya punje. Mwili ukiikosa vitamini hiyo hupata ugonjwa wa pelagra. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati wamekuwa na ujuzi huu kwa zaidi ya miaka 3,000. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi ulibaki nyuma, na pelagra ikawaandama maskini walioishi kwa mahindi matupu huko kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani.

Mahindi yakishasagwa yakiwa bado na maji, donge hupimwa kwa mkono. Ukilibonyeza kingo zikapasuka, ongeza maji, likinata, yamezidi. Donge hutandazwa liwe tortila, chapati nyembamba ya kubebea taco, na kuwekwa kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali. Upande wa kwanza haukai, ni mpaka kingo ziachie tu. Wa pili hukaa zaidi. Ikigeuzwa mara ya tatu, mvuke huinua ngozi ya juu na tortila hufura yote. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mpishi, kwa sababu haangalii saa, anasoma kingo. Asiye na nafasi atumie unga wa mahindi uliokwisha kupitishwa kwenye chokaa. Sembe ya ugali haifai, itamvunjikia.

Kuku hahitaji maneno mengi. Jimbo la Sinaloa, kaskazini-magharibi, linasifika kwa kuku wa makaa aliyelowekwa kwenye maji ya machungwa, kitunguu saumu, oregano na pilipili. Nyumbani chukua mapaja yaliyotolewa mifupa, uyachome juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu, kisha uyaache yapumzike kabla ya kukata. Nanasi bichi usilitie humo: kimeng'enya chake hula nyama ikawa kama uji.

Matunda yangoje kwenye salsa, kachumbari ya juu ya taco. Embe nalo ni mgeni Mexico, lililotoka Asia. Merikebu za Wahispania zilisafiri kati ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815, na aina moja ya embe bado inaitwa Manila huko. Chagua lililoiva lakini gumu kidogo, ulikate vipande vidogo sana. Kitunguu chekundu kitangulie kulala kwenye ndimu na chumvi ili ukali upungue, ndipo lifuate embe, majani ya giligilani, na habanero kidogo, jamaa ya pilipili mbuzi, yenye harufu ya tunda kabla haijawasha. Changanya wakati kuku anapumzika. Salsa ikikaa sana hutoa maji na kuilowesha tortila.

Jibini na krimu siongezi. Embe limekwisha kutuliza pilipili, na mahindi yaliyolala kwenye chokaa yana harufu ambayo sitaki kuifunika.