Neno Kiambo na Ramani za Mji

Mwenye kutaka kujua thamani ya ramani ya mji na aisome kama asomavyo maandishi mengine yoyote: aulize imeandikwa kwa lugha ya nani, ni nani asemaye ndani yake, na msemwaji amewekwa wapi. Visiwa vya Zanzibar havikupungukiwa na maandishi ya namna hiyo. Mwaka 1923 H. V. Lanchester alichapisha kitabu juu ya upangaji wa mji wa Unguja. Mwaka 1958 Kendall na Mill wakaleta mpango wao. Mwaka 1968 akafuata Hubert Scholz kutoka Ujerumani ya Mashariki. Na mwaka 1982 Wachina wakatoa wa kwao. Yote minne ni kazi ya wageni, na jicho la yote limeelekea mji mmoja.

Hebu litazamwe neno moja tu, Ng'ambo. Aliyelitamka kwanza alikuwa amesimama upande wa Mji Mkongwe, akitazama mashariki kuvuka hori la maji. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo, hata katika miaka ya 1950 kazi ikawa imekwisha. Maji hayapo tena, lakini ng'ambo ipo, na wakaao huko ndio wengi zaidi. Wapangaji wa zama za ukoloni walilipokea neno hilo pasipo kuliuliza, wakaufanya mji kuwa pande mbili, mmoja wa kuhifadhiwa na mmoja wa kurekebishwa. Kwa mtu wa Pemba jambo hili lina kichekesho chake, maana kwake yeye Unguja yote, majumba ya mawe na vibanda vya makuti, ni ng'ambo.

Sasa na asimame msomaji mahali pengine, katika Ole. Ole ni shehia ya Wilaya ya Chake Chake, kaskazini ya mji huo. (Jina lisimtishe mgeni, waishio hapo hawaoni ole wowote ndani yake.) Nchi yake ni kama ilivyo sehemu kubwa ya Pemba: vilima vyenye mikarafuu na minazi, na katikati ya vilima mabonde ya mpunga. Nyumba hazikujipanga kwa mistari. Zimekaa kwa makundi, jamaa kwa jamaa, na kundi la namna hiyo, pamoja na miti yake na njia zake za miguu, huitwa kiambo.

Neno hilo lina elimu kubwa ndani yake. Kiambo si nyumba, wala si kiwanja. Ni haki ya mtu kukaa karibu na watu wake. Mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa ya wengine; njia yaweza kupita uwani pa mtu naye asiwe na ruhusa ya kuiziba. John Middleton, katika utafiti wake juu ya haki za ardhi Zanzibar uliochapishwa mwaka 1961, alilitilia maanani neno hili. Inashangaza kwamba chini ya serikali ileile, na karibu katika miaka ileile, walikuwapo watu wawili wakiandika, mmoja juu ya viambo na mwingine juu ya mitaa ya mji, kana kwamba mwana wa kiambo haji mjini, na akija huacha desturi zake bandarini pamoja na jahazi.

Mpango wa mwaka 1968 ulikuwa na nia njema kuliko iliyotangulia, nayo haifai kudharauliwa. Uliahidi nyumba imara, maji na umeme kwa watu ambao serikali zilizopita ziliwapa ahadi tu. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kando ya barabara mbili zikatanazo, ndiyo tunda lake linalojulikana zaidi, na Pemba nayo ilipata majumba ya aina hiyo, Chake Chake, Wete, Mkoani na hata Micheweni. Lakini mwandishi wa mpango huo aliisoma nyumba kuwa ni vyumba. Ua wa nyuma, wanawake wapikapo na kuanika na kuzungumza pasipo kutazamwa, hakuuona. Baraza ya mbele, mgeni apokewapo kabla hajaamuliwa kuwa ni wa ndani au wa nje, hakuiona pia. Vitu viwili hivi haviwezi kupandishwa ghorofani. Tena, ili kupata nafasi ya majumba hayo nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa, zikiwa na ua na baraza zake.

Mpango wa kwanza kusema kwa sauti nyingine ulianza mwaka 2013, ukaitwa Ng'ambo Tuitakayo. Mwalimu wa sarufi atalifurahia jina hilo. Katika mipango iliyopita mji ulikuwa ni kitu kitendwacho. Hapa pana mtenda, naye ni wingi wa nafsi ya kwanza. Hata hivyo jina zuri ni ahadi, na ahadi hupimwa. "Tu" hiyo yamjumlisha nani? Yamkini yamjumlisha mwenye nyumba. Je, mpangaji wa chumba kimoja? Na je, yule aliye Pemba, ambaye kesho atakuwa mkazi wa mji bila kuhama, kwa kuwa mji ndio utakaomfuata?

Swali hili la mwisho si la kubuni. Hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta Pemba watu 543,441, yaani zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Watoto wa viambo hujenga, nao hujenga kwa matofali na mabati. Kilima kikijaa, jicho hugeukia bonde, kwa sababu ni tambarare na huonekana tupu. Bonde si tupu. Ndilo linalopokea mvua ya masika kutoka vilimani, na likishajengwa maji hayasahau njia yake. Wakazi wa Mwanakwerekwe, huko Unguja, wanalijua hilo kuliko mhandisi yeyote.

Basi ramani ya Ole, ikiandikwa, haiwezi kuanza na barabara. Yapasa ianze na mabonde, kila moja kwa jina lake na mpaka wa maji yake wakati wa masika. Wanaoyajua majina hayo na mipaka hiyo ni hasa wanawake walimao mpunga, nao hawajapata kuitwa kwenye meza ya mpangaji yeyote kati ya waliotajwa hapa.