Sauti na Mkasi: Uhariri wa Kanda za Historia Simulizi katika Kiswahili cha Kongo

Wataalamu wa historia simulizi wamejadili kwa kirefu namna ya kukusanya masimulizi: nani aulizwe, aulizwe wapi, na kwa lugha gani. Kazi inayofuata baada ya kinasa sauti kuzimwa imejadiliwa kwa uchache, kana kwamba ni kazi ya karani tu. Hata hivyo, hapo ndipo masimulizi hupata sura ambayo wasomaji wataijua. Siku hizi kazi hiyo imehamia nyumbani. Mtafiti wa Bukavu mwenye redio ya kaseti, waya mmoja, kompyuta na programu za bure kama vile Audacity na ELAN anaweza kuihamisha kanda, kuisafisha, kuikata na kuinukuu bila kutoka chumbani mwake. Kazi iliyokuwa ya fundi, ya mnukuzi na ya mhariri sasa imo mikononi mwa mtu mmoja, wala hakuna wa kumuuliza amekata nini.

Makala haya yanadai kwamba uhariri wa kanda hauwezi kuepukwa, bali waweza kufichwa au kutangazwa, na kwamba thamani ya matini hutegemea uchaguzi huo. Dai hilo linapimwa kwanza kwa kazi za mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambazo ni mfano mashuhuri wa uhariri wa Kiswahili cha Kongo, kisha kwa hali ya Bukavu.

Kazi ya kwanza ni *History from Below* (1990). Msingi wake ni kijitabu cha mwaka 1965, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ambamo André Yav alieleza historia ya mji huo kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Kijitabu kiliandikwa kwa tahajia isiyo na utaratibu, maneno yakiunganishwa na kutenganishwa bila kanuni, hata msomaji wa Kiswahili akapotea njiani. Fabian na mwenzake Kalundi Mango walipata ufumbuzi usio wa kawaida: Kalundi aliyasoma maandishi kwa sauti, akanaswa kwenye kanda, na usomaji huo ukanukuliwa upya. Sauti ndiyo iliyofunua mahali neno linapoanza na sentensi inapokoma. Yaweza kupingwa kwamba sauti ya Kalundi si sauti ya Yav, na kwamba kila kituo alichokiweka ni tafsiri yake. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini msomaji anaweza kulitoa kwa sababu tu ameambiwa nani alisoma na kwa nini. Jina la Kalundi limo katika kitabu; mkono wa mhariri unaonekana.

Kazi ya pili, *Remembering the Present* (1996), ilikwenda upande wa pili, kutoka sautini kwenda kwenye chapa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire kwa picha 101, naye akazieleza katika mazungumzo ya Kiswahili yaliyonaswa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Kitabu kinamheshimu Tshibumba kama mwanahistoria, si kama fundi wa rangi tu. Walakini, masimulizi yake yalitolewa humo kwa tafsiri ya Kiingereza, yakipangwa chini ya picha moja moja. Mazungumzo yenye marudio, maswali na mikato yaligeuka kuwa maelezo yaliyonyooka. Matini ya Kiswahili yalitolewa mwaka 1998 katika *Archives of Popular Swahili*, na hapo ndipo ilipowezekana kulinganisha. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka miwili, mtu wa Lubumbashi au Bukavu asiyejua Kiingereza hakuweza kusoma kitabuni historia iliyosimuliwa kwa lugha yake mwenyewe. Kosa si tafsiri. Kosa ni mpangilio wa hatua, ambapo tafsiri ilitangulia na matini yakafuata nyuma.

Inaelekea kwamba somo hilo lilizingatiwa. Katika *Ethnography as Commentary* (2008), mazungumzo ya mwaka 1974 kati ya Fabian na mganga mmoja wa Lubumbashi yaliwekwa kwanza hadharani kwa Kiswahili pamoja na tafsiri, na kitabu kikaandikwa kuwa ufafanuzi wa matini ambayo msomaji anaweza kuyafikia. Mpangilio huu ni bora kuliko ule wa kwanza, ijapokuwa nao una hatari yake: ufafanuzi unaweza kunenepa hata sauti ya msimulizi ikawa kisingizio cha hoja za mfafanuzi. Lakini msomaji mwenye matini mkononi ana namna ya kujitetea.

Je, mafunzo haya yanamfaa mtafiti wa Bukavu? Yanamfaa zaidi, kwa sababu kwake mkasi una makali matatu.

Kali la kwanza hukata sauti yenyewe. Kanda za kaseti huwa na mvumo, na programu huahidi kuuondoa kwa kubofya mara moja. Lakini mvumo unakaa katika masafa yale yale yanayobeba s, f na sh. Ukiondolewa bila kiasi, "askari alifika" na "askari alishika" huanza kufanana, na katika ushahidi wa vita tofauti hiyo si jambo dogo. Hali kadhalika, kichwa cha redio kisicholingana na kanda hufifiza sauti za juu; hicho hurekebishwa kwa skrubu yake ndogo kabla ya kunakili, maana hakuna programu itakayorudisha kikamilifu kile ambacho hakikusomwa. Ndiyo sababu Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha (IASA) kinashauri kanda inakiliwe bila kuguswa, kwa kipimo kisichopungua kiloherzi 48 na biti 24. Saa moja kwa kipimo hicho, kwa njia moja ya sauti, huchukua takriban megabaiti 518. Kwa mwenye diski ndogo na umeme wa kukatikakatika, kishawishi cha kubana faili na kuitupa ya asili ni kikubwa. Anayefanya hivyo hahifadhi kanda. Anahifadhi maoni yake juu ya kanda.

Kali la pili hukata mazungumzo. Programu hizo hizo zina amri ya kufupisha vimya. Kimya cha sekunde nane kabla ya msimulizi kumtaja marehemu si nafasi tupu; ni sehemu ya usemi. Maswali nayo huondolewa ili masimulizi yatiririke. Matokeo yake, jibu la "ndiyo, walikuja usiku", lililotolewa baada ya mhoji kuuliza "walikuja usiku?", husomeka kama tamko ambalo msimulizi alilianzisha mwenyewe. Hapo mhariri amemtwisha shahidi maneno ya mhoji.

Kali la tatu hukata lugha, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanaisimu. Kiswahili cha Bukavu kimechunguzwa tangu zamani: Didier Goyvaerts aliandika juu ya Indoubil ya mji huo mwaka 1988, na Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa matini na sarufi fupi ya Kiswahili cha Kivu mwaka 2016. Hata hivyo, wanukuzi wengi waliosomeshwa Kiswahili sanifu bado hukinyoosha. Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Mzee anasema: "Ile wakati ya Schramme, batu bote balikimbia." Mnukuzi anaandika: "Mwaka 1967 watu wote walikimbia." Kila neno linatetewa kirahisi, kwani ni kweli kwamba mamluki Jean Schramme aliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba 1967. Lakini kilichopotea ni kalenda ya wakaaji wa mji, inayohesabu miaka kwa majina ya waliowafukuza. Kimepotea pia kiambishi ba-. Msimulizi yule yule akigeuka ghafla na kusema "watu", huenda anamwigiza padri au ofisa. Akitaja tarehe kwa Kifaransa, huenda ananukuu karatasi ya serikali. Mageuko hayo yana maana. Kanda ikinyooshwa yote, mama wa sokoni, ofisa na padri husema kwa kinywa kimoja, na kinywa hicho ni cha mnukuzi.

Kuna hoja nzito dhidi ya msimamo huu, nayo haipaswi kupuuzwa. Wasimulizi wenyewe huweza kuona haya. Mzee aliyefundishwa na walimu wa misheni kwamba "batu" si Kiswahili hatafurahi kuiona imechapishwa chini ya maneno yake, na heshima ya mzee hutangulia haja ya mwanaisimu. Jibu si kumlazimisha. Jibu ni kutenga hatua: unukuzi wa neno kwa neno ubaki katika hifadhi pamoja na faili ya asili, na toleo lililosawazishwa litolewe kwa ridhaa ya msimulizi, likisema wazi mwanzoni kwamba limesawazishwa na nani. Kalundi alitajwa, kwa nini mnukuzi wa Bukavu asitajwe?

Aidha, yapo maneno ambayo ni lazima yakatwe. Mji ulioonja vita vya 1967, 1996, 1998 na 2004, kisha ukatekwa na M23 Februari 2025, haumruhusu mhariri kuacha jina la jirani aliyeshutumiwa, wala la shahidi aliyeona. Sauti nayo hutambulika hata jina likiondolewa. Hapa anayedai uaminifu wa kila neno anadai kwa gharama ya mwingine. Kwa hiyo kipimo cha haki si wingi wa mikato bali anayefaidika nayo. Mkato unaomlinda msimulizi ni wajibu, nao uwekewe alama mahali pake katika matini, bila kufichua kilichoondolewa. Mkato unaompendeza mhariri, au unaompunguzia msomaji kazi, unahitaji kujitetea.

Kutokana na mjadala huu, daftari dogo kando ya kompyuta lina uzito sawa na kompyuta yenyewe. Ndani yake huandikwa tarehe ya kunakili, redio iliyotumika, kila kilichosafishwa, kila kilichokatwa na sababu yake. Kazi za Fabian zimedumu si kwa sababu hazina dosari, bali kwa sababu dosari zake zaweza kuonekana na kujadiliwa na wengine. Kanda za Kivu zinazidi kuharibika kwa unyevu na ukungu katika masanduku ya nyumbani, na wengi wa waliosema ndani yake hawapo tena kuulizwa upya. Atakayezinakili ndiye msikilizaji wa mwisho wa baadhi yao. Anachodaiwa ni kuacha nyuma yake njia ambayo mwingine ataweza kuirudia hadi kwenye sauti.