Kelele Zenye Vina: Injini Kuukuu na Sikio la Fasihi Yetu

Neno pikipiki ni uhakiki mfupi kuliko wote uliowahi kufanywa kwa Kiswahili kuhusu injini. Aliyelitunga hakushughulika na magurudumu wala tangi la mafuta. Alisikiliza, akasema alichokisikia. Wengine walisikia tukutuku, na jina hilo nalo likashika, hasa upande wa Kongo. Kwa hiyo lugha yetu ilizipokea injini kwa sikio. Swali langu kwa wasomaji wa hapa ni dogo: fasihi yetu ya maandishi imelifanyia nini sikio hilo?

Nauliza kwa sababu kuna watu duniani ambao sikio lao bado li macho. Ni wapenzi wa injini kuukuu za dizeli za mipigo miwili, tu-stroki kwa lugha ya gereji. Wanazikusanya, wanazifufua, wanarekodi zinavyowaka asubuhi ya baridi, kisha wanabishana kuhusu mlio kama sisi tunavyobishana kuhusu mshororo wa mwisho wa shairi. Mbili kati ya hizo zina waumini hasa. Ya kwanza ni ile familia ya 71 ya Detroit Diesel, iliyotolewa na General Motors mwaka 1938 na kusukuma maboti mengi ya kuteremshia askari ufukweni katika Vita vya Pili vya Dunia. Ya pili ni Commer TS3 ya Uingereza, ya mwaka 1954, yenye silinda 3 na pistoni 6, kila silinda na pistoni zake mbili zinazotazamana kama watu wanaolumbana.

Msomaji wa Unguja au Pemba anayekumbuka Vespa na petroli yake ya kuchanganywa na oili asijichanganye. Ile nayo ni ya mipigo miwili, ila dizeli haichanganyiwi kitu. Hewa yake husukumwa ndani kwa blowa, na blowa hiyo ina mlio wake mwembamba unaopanda juu ya ngurumo, kama fidla juu ya ngoma.

Lakini siri kubwa iko kwenye hesabu, na hapa mtu aliyesoma arudhi ana faida kuliko fundi. Katika injini ya kawaida ya mipigo minne, kila silinda hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Katika ya mipigo miwili hulipuka kila mzunguko. Chukua injini ya silinda 6 inayozunguka mara 1,800 kwa dakika: ya mipigo minne itakupa milipuko 5,400, na ya mipigo miwili 10,800. Ndiyo maana ukiisikia unadhani inakimbia mara mbili ya mwendo wake wa kweli. Sikio limezoea mahadhi mengine.

Sasa fikiria shairi la mizani 16, vipande viwili vya mizani nane nane. Likiwa na kina cha mwisho tu, sauti inarudi mara moja katika kila mshororo. Likiwa na kina cha kati na cha mwisho, inarudi mara mbili, na shairi lile lile, kwa urefu ule ule, linasikika lina haraka zaidi. Injini ya mipigo miwili ni shairi lenye vina vya kati. Wapenzi wake hawapendi kelele tupu. Wanapenda kelele iliyopangwa, na wanajua imepangwaje.

Kisiwa cha Pemba hakihitaji kufundishwa hili. Ndiko walikotungia Kamange na Sarahani, ambao kazi zao tunazo leo katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kitabu cha Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011. Watu waliojibizana kwa vina walijua kuwa sauti nayo ni hoja. Na sikio hilo bado lipo ufukweni. Nenda Wete au Mkoani, kaa na wavuvi alfajiri. Watakwambia boti ya nani inaingia kabla hujaiona, na kama imebeba samaki au inarudi tupu, kwa sababu injini iliyolemewa hailii kama isiyo na mzigo.

Kisha fungua vitabu. Gari linanguruma. Boti inanguruma. Ndege inanguruma. Simba naye, masikini, ananguruma. Kitenzi kimoja kinawahudumia wote wanne! Sisemi waandishi wetu ni viziwi. Tazama tulivyo matajiri panapohusika tanga: tuna kusi na kaskazi, matlai na umande, joshini na demani. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufanya kazi za baharini, aliipa diwani yake ya mwaka 1994 jina la *Kimbunga*, na anayeisoma anajua kuwa huyu mtu aliukabili upepo kwa mikono yake. Adam Shafi, katika *Kuli*, alituingiza katika jasho la bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Jahazi lina msamiati, kazi ya mikono ina msamiati. Injini tumeiachia kunguruma.

Hasara yake si ndogo. Mpaka mwaka 2010, umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukaja waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Magazeti yaliandika megawati na fedha, na ndiyo kazi yetu waandishi wa habari. Lakini badiliko lile lilikuwa la sauti pia. Mtambo uliokuwa ukihema kwa ajili ya kisiwa kizima ukapumzishwa, na nguvu ikaanza kufika kimya kimya kutoka upande wa pili wa mkondo. Ningependa kusoma hadithi ya mtu aliyelala miaka mingi jirani na mtambo ule, na usiku wake wa kwanza wa kimya. Alilala vizuri zaidi, au aliamka akidhani kuna jambo limeharibika?

Mpaka hapa ninawasifu wapenzi wa injini kuukuu. Lakini mhakiki hana budi kuuliza pia mpenzi huyo amesimama wapi anaposikiliza. Mara nyingi anasikiliza kwa hiari, siku ya mapumziko, kisha anarudi nyumbani kwa gari jipya lisilopiga kelele. Moshi si wa kila siku kwake. Sikio lake halikuzibwa na miaka 30 ya kusimama chumba cha injini. Ukuukuu kwake ni pambo.

Kwetu ukuukuu ni usafiri. MV Spice Islander I ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake, ikazama karibu na Nungwi na kuondoka na mamia ya watu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 na kutumika jimbo la Washington kabla ya kuletwa huku. Sisemi injini ndizo zilizoua. Nasema chombo kinachostaafishwa kwingine huanza maisha mapya kwetu, na abiria wa Pemba anayesikiliza mlio wake usiku, katikati ya mkondo, hasikilizi kwa burudani. Anahesabu. Mlio ukibadilika, mazungumzo yanakatika na watu wanatazamana. Mama anamvuta mtoto karibu.

Kwa hiyo nina madai mawili, moja kwa kila upande. Wapenzi wa tu-stroki wana sikio tunalolihitaji. Wanajua kuwa kelele ina umbo, kwamba injini mbili za nguvu sawa zinaweza kusema mambo tofauti, na kwamba kuisikia tofauti hiyo ni aina ya kusoma. Lakini maandishi yao mengi hayana watu ndani yake. Kuna pistoni, kuna blowa, kuna ekzosi, hakuna baharia wala abiria. Sisi tuna watu tele, wenye majina na machozi, ila tumewapandisha kwenye boti zinazonguruma tu.

Mwandishi wa Pemba atakayeziunganisha hizi mbili atatupa kitu ambacho tanga lilikwisha kutupa na injini bado haijatupa. Hahitaji kujua Commer wala Detroit. Anahitaji kupanda boti ya Mkoani, afumbe macho, asikilize milipuko mingapi inapita kati ya neno moja na jingine la jirani yake. Kisha aandike, na kitenzi kile akiachie simba.