Giza Lenye Pumzi

Duma, kwa Kiswahili, ni mnyama wa mbio. Kwa Kikuyu, nduma ni giza. Na katika Kiswahili cha sokoni hapa Mukurweini, nduma ni kile kiazi cha mtoni tunachochemsha na kukiteremsha kwa chai ya asubuhi. Martin Khanja na Sam Karugu walipoliita kundi lao Duma walikuwa wakilitaja giza. Lakini isikilize albamu yao ya Agosti 2020, iliyotoka kwa jina hilohilo, na utaona kwamba hata yule mnyama hakusahauliwa.

Nimekuwa nikiisikiliza jioni, stima ikishapotea na migomba ya jirani ikishageuka vivuli. Si muziki wa kupendwa mara moja. Mara ya kwanza niliuzima. Mara ya tatu nikaanza kuuliza umejengwaje.

Wote wawili walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi, muziki ambao kwa kawaida humtaka mpiga ngoma mwenye mapaja ya chuma na majirani wenye subira. Mwaka 2019 walirekodi Kampala, kwa watu wa lebo ya muziki ya Nyege Nyege, wakiwa wawili tu: Karugu na gitaa na mashine zake, Khanja na koo lake. Kiti cha mpiga ngoma kilibaki kitupu, kompyuta ikakikalia.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mpiga ngoma wa metali akiwa hodari hupiga mapigo mengi kwa sekunde, lakini ni mtu: huchoka, mkono hupungua, na sikio hutambua. Mashine haichoki. Ukiiongezea mwendo mpaka mapigo yakakaribia ishirini kwa sekunde, sikio hushindwa kuyahesabu, na kilichokuwa mdundo huanza kusikika kama sauti moja nzito inayonguruma. Duma huuchezea mpaka huo. Ngoma inakimbia hadi inakuwa ukungu, halafu inakatwa, na kile kimya kinachofuata kinakugonga kuliko ngoma yenyewe. Asiye na subira angejaza kila nafasi kelele. Hawa wanajua pa kuacha.

Mashine katika muziki wa giza si jambo geni. Mwaka 1983 vijana wa Depeche Mode, Waingereza, walizunguka London na vinasa sauti wakigonga vyuma na mabomba, kisha wakazipiga sauti hizo kwenye sinthesaiza kutengeneza albamu ya Construction Time Again. Lakini juu ya vyuma vile waliacha wimbo mtamu ambao hata mtoto angeuimba. Ndiyo njia ya kawaida ya muziki wa giza wa sinthesaiza: unatiwa kivuli, lakini unaachiwa mkongojo. Duma waliutupa mkongojo. Nawaheshimu wa Depeche Mode, ila kwa ujasiri nawapa kura vijana wetu.

Kisha sauti ya Khanja. Wengi husikia mayowe tu. Lakini anayepiga mayowe hovyo hupoteza sauti kabla usiku haujaisha. Waimbaji wa namna hii huibana pumzi kutoka tumboni na kuipitisha kwenye mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi halisi za sauti, ili mikunjo hiyo ndiyo itetemeke na nyuzi zisiumie. Ni kazi ya pumzi, kama ya mpiga zumari. Aliyeifahamu hunguruma, hukoroma, hulia kama fisi, na kesho yake akaamkia watu kwa sauti yake ya kawaida.

Giza hili halikuagizwa ng'ambo. Khanja, anayejiita pia Lord Spikeheart, ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau vya kupigania uhuru, aliyekaa msituni mpaka uhuru ukaja. Muthoni alizifuga rasta zake miaka mingi baada ya hapo, na zikanyolewa hapa Nyeri Aprili 2022. Septemba 2023 akafariki. Albamu ya kwanza ya kitukuu huyo akiwa peke yake, The Adept ya 2024, ameitoa kwa heshima ya Muthoni. Nikikumbuka hilo, yale mayowe hunifikia kwa njia nyingine. Enzi hizo za mapambano, wafuasi wa Mau Mau walitwaa tuni za nyimbo za kanisa wakazivika maneno yao, na mzungu aliyepita barabarani akadhani ni ibada. Wale walilificha jambo ndani ya utamu. Khanja amelitoa nje, bila sukari.

Juzi mzee wa jirani, aliyeongoza kwaya miaka mingi, alinikuta kibarazani spika ikiwa wazi. Akauliza kama mashine ya kumenya kahawa imeharibika. Nikacheka, nikataka kuzima. Akanizuia kwa mkono, akakaa, akainamisha kichwa kama anavyofanya sauti ya tatu ikikosea. Wimbo ukaisha.

"Rudisha pale alipokata," akasema.

Nikarudisha.

"Mengine siyajui, lakini huyo kijana anajua kupumua."