Kisanduku cha Mtarakwa: Kazi Iliyo Kabla ya Nakshi

Huku Keringet, ukingoni mwa msitu wa Mau, adui wa kwanza wa seremala ni unyevu. Kisanduku cha kuwekea hati za shamba au shanga za bibi kikiungwa kwa mbao mbichi, nakshi hata iwe nzuri vipi haitakiokoa. Kikifika Nakuru mjini, penye joto na hewa kavu zaidi, kifuniko hupinda na pembe huachana. Uhai wa kisanduku huamuliwa na mbao na maungo yake.

Mbao inayofaa zaidi hapa ni mtarakwa, ambao Wakipsigis huuita tarakwet. Waogiek wa Mau wameutumia tangu jadi kwa mizinga ya nyuki: gogo hupasuliwa pande mbili, kila upande ukakombwa ndani, kisha pande hizo zikarudishwa pamoja. Kiini chake chekundu hakiozi upesi, mchwa hawakipendi, na nyuzi zake zimenyooka. Lakini unyoofu huo unaomrahisishia kazi mchonga mzinga ndio unaomponza mtengeneza kisanduku, kwa kuwa msumari ukipigwa karibu na ncha ya ubao, ubao hupasuka. Makasha ya Lamu na Zanzibar hupambwa kwa misumari ya shaba, na msaji huistahimili. Kuyaiga kwa mtarakwa, msumari kwa msumari, ni kujitafutia ufa.

Suluhisho ni kuunga pembe kwa meno yanayopanuka kuelekea ncha, ili ubao mmoja uushike mwenzake bila msumari. Tumia mbao za unene wa milimita 12. Chora meno kwa kisu badala ya penseli, kwa sababu mkato wa kisu huongoza patasi na kuzuia nyuzi zisichanike. Kata kwa msumeno wa meno madogo, ukibaki upande wa taka, kisha malizia kwa patasi kutoka nyuso zote mbili mpaka mikato ikutane katikati.

Kitako ndicho huharibiwa mara nyingi. Mbao hutanuka na kunywea kwa upana, wala si kwa urefu. Ubao wa upana wa sentimita 15 unaweza kubadilika kwa milimita moja au zaidi kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Kitako kilichogundishwa pande zote hakina pa kwenda, kwa hivyo hupasuka au huzisukuma pembe. Kitie ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye kuta, bila gundi, ukiacha nafasi ndogo kila upande. Kifuniko nacho kiwe na vipingo viwili upande wa ndani, vikigundishwa katikati tu.

Nakshi ichongwe kabla ya kuunga, ubao ukiwa umelala na kubanwa mezani. Ruwaza za pembetatu zinaufaa mtarakwa kuliko maua yenye mikunjo mingi. Anza na mikato inayokingama na nyuzi, ndipo ufuate ile inayokwenda nazo, ili mpasuko ukianza ukute umezuiwa. Kina kisizidi milimita 3, na ncha za ubao penye meno ziachwe bila nakshi.

Mwishoni, paka nje nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta ya kitani. Ndani acha wazi: harufu ya mtarakwa hufukuza nondo, na rangi yoyote ingeifunika.

Kuhusu kupata mbao, usikate mti msituni. Mau ni chemchemi ya mito yetu, na mtarakwa hukua polepole mno. Tafuta nguzo kuukuu za ua au boriti za nyumba iliyobomolewa: nje zimekwajuka, lakini ukipiga randa utakuta kiini kizima. Zilaze chini ya paa, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, mpaka uzito wake uache kupungua. Fundi asiyekuwa na subira hiyo asiianze kazi hii.