Hesabu ya Fundi wa Kitangiri

Katika Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, lipokealo maji ya Mto Wembere na kuyatoa kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, fundi wa mitumbwi ya mbao astahili sifa si kwa randa yake tu, bali zaidi kwa makadirio yake. Kwani kabla ya kutaja ujira hukipindua chombo kifudifudi, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza palipolowa, akachokoa pamba ya kalafati kwa ncha ya kisu, ndipo akahesabu siku za kukausha, kukwangua na kupiga msasa. Siku za kukausha ni za jua, na fundi mwadilifu hazitozi. Uungwana adimu huo! Wenzake wa pwani, wapakao deheni ya chokaa na shahamu, hungojea maji ya bamvua yapwe, chombo kibaki pakavu. Yeye ana kiangazi tu, hivyo amleteaye chombo mvua za Desemba zikishaanza asistaajabu kutajiwa muda maradufu.