Kungumanga Iliingia Mapema Mno

Halua ile iliyopikwa mbele ya wageni ufukweni Nungwi iliharibika mwanzoni kabisa, samli haijaingia. Mliokuwepo pale mliona: sukari haijayeyuka sawasawa, wanga bado maji, na mpishi kashashika kopo la unga wa kungumanga anamimina. Vijiko vitatu vya kula, tena vya kujaa. Mshereheshaji akadakia kwenye kipaza sauti kwamba hiyo ndiyo bangi halali ya Zanzibar. Wageni wakacheka, simu zikapanda juu.

Sufuria kubwa ya halua haiivi chini ya saa nzima ya kusonga mwiko, na mara nyingi huzidi. Harufu ya kungumanga imo kwenye mafuta yake, na mafuta hayo huondoka na mvuke. Ukiitia mwanzoni, watakaofaidi ni wapita njia. Kinachobaki sufuriani ni ule uchungu wa kimti unaokwaruza nyuma ya ulimi. Mafundi wa Wete, na wale wa Mji Mkongwe tuliokulia mikononi mwao, walikuwa na subira. Iliki, zafarani na kungumanga vilingoja mpaka halua ianze kuachia sufuria na samli kuchuruzika pembeni. Hapo moto ukapunguzwa, kokwa ikakunwa papo hapo: mkono huu kokwa, mkono huu bati la kukunia, kijana kashika mwiko. Harufu ilikuwa ikikufikia kabla hujakata kona ya mtaa, tamu ya ukali, na ukiila unaikuta mwisho wa tonge, wala haikuvamii mwanzo.

Na lile kopo! Nimeshalisema na nitalisema tena. Kokwa nzima ndani ya gamba lake hutunza harufu miaka; ikishasagwa huanza kupoa siku hiyohiyo. Najua Nungwi ni mawe matupu, mkungumanga haumei pale. Lakini mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yako kisiwa hikihiki, na gari zipo kutwa. Hakuna udhuru wa kununua unga wa kopo lenye picha ya mnazi.

Hata hivyo, moto wa mpishi ulikuwa mzuri, wanga haukufanya madonge, lozi hazikuungua.

Sasa hiyo bangi halali. Waongozaji wa ziara za viungo wameusugua mzaha huu mpaka umechakaa, pamoja na ile hadithi ya kina mama wanaokunywa uji wa kungumanga ili wachangamke ngomani. Ulevi wenyewe si uzushi mtupu. Malcolm X, mwanaharakati wa Marekani, alieleza katika wasifu wake uliotoka 1965 kwamba gerezani Charlestown wafungwa walinunua kungumanga ya wizi iliyojazwa kwenye vibiriti, wakaikoroga na maji baridi, na kibiriti kimoja alikilinganisha na misokoto mitatu minne ya bangi. Hata harufu zao zina udugu: pineni, ile inayonukia msonobari, imo kwenye zote mbili.

Ila kinacholevya hasa kwenye kungumanga, miristisini, kinataka gramu 5 za kungumanga au zaidi kwa mtu mmoja, karibu kokwa nzima. Tena hukawia saa 3 hadi 6, kisha kinakuja na kinywa kikavu, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, na kizunguzungu kinachoweza kukushika mpaka kesho yake. Vijiko vitatu kwenye sufuria ya kulisha umati vitamlevya nani? Mpishi alipoteza ladha kwa ajili ya ulevi usioweza kutokea. Kibaya zaidi ni yule mgeni atakayeuamini mzaha, akanunua pakiti, akaenda kujaribu vijiko viwili peke yake chumbani. Akikosa kusikia chochote baada ya saa moja, ataongeza cha tatu.

Mwisho nauliza habari ya basibasi. Walipasua tunda bichi la kungumanga mbele ya watu ili kuonyesha ule utando mwekundu uliokumbatia gamba, mwongozaji akajipaka mdomoni kama rangi, picha zikapigwa. Utando huohuo ndio basibasi; ukikaushwa una harufu laini kuliko kokwa na huuzwa ghali zaidi. Nyuzi mbili tatu kwenye zafarani iliyorowekwa kwa marashi zingeiokoa halua hata baada ya kosa la kopo. Ukatupwa pipani pamoja na maganda, na sufuria iko hatua tatu kutoka hapo.